Kinyozi Aliyezungumza na Kisogo

Mimi si mtu wa kuficha: nilitaka kumchukua mtoto kwa mkwe wangu, na nilikuwa na sababu. Mjukuu wangu alikuwa na miezi kumi, meno mawili, mashavu ya kujaa kiganja, na kimya. Hata "ba" hasemi. Masikio yakapimwa kliniki, yakaonekana mazima. Muuguzi akasema, "Huyu anahitaji kuzungumzishwa. Mwongelesheni siku nzima: mkimwogesha, mkimlisha, mkimvisha nguo." Akatuambia turudi baada ya mwezi.

Tulipotoka nje tu nikampasulia baba mtu. "Umesikia? Mwezi mmoja. Mtoto asipofungua kinywa, namchukua nikamlee mwenyewe. Binti yangu nimeshamzika, huyu simwachi adumae mikononi mwako."

Alimfunika mtoto vizuri, akaenda zake.

Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba mkwe wangu ni kinyozi. Kinywa jumba la maneno, na jumba lake lina ghorofa! Kibandani kwake watu hungoja zamu saa nzima wasichoke, kwa jinsi anavyopiga soga: mpira, mvua, ndoa za watu. Lakini jioni akishampokea mtoto kutoka kwa dada yake anayeshinda naye, nyumba nzima kimya kama hakuna mtu. Tangu mke wake afariki ndivyo alivyokuwa.

Wiki ya tatu nikaenda bila kumwambia. Kabla sijafika mlangoni nikamsikia.

"Karibu bosi! Leo tunyoe vipi, juu au pembeni? Hizo nywele nane ulizo nazo tukizipunguza utabaki na nini? Haya, mechi ya jana umeiona? Kipa wetu kadaka hewa!"

Nikacheka peke yangu. Kumbe mtu anajitahidi! Nikachungulia. Mtoto amekaa mkekani, baba amepiga magoti nyuma yake na kitana, anamchana huku anaongea. Mtoto anageuza shingo huku na huku, anaitafuta ile sauti kama mtu anayetafuta mbu. Na kila akigeuka, baba naye anahama, anarudi nyuma yake.

"Ebo! Ndiyo nini hiyo? Unazungumza na kisogo?"

Akashtuka, kitana kikamponyoka. "Shikamoo, mama. Ndivyo nilivyozoea. Miaka kumi na minne naongea na visogo vya watu."

"Wateja wako wanakuona kwenye kioo. Huyu anakuona wapi? Atajifunzaje kusema na mdomo wako hauoni? Hebu kaa mbele yake!"

Akaokota kitana, lakini hakusogea. "Nimejaribu, mama. Nikikaa mbele yake namwona mama yake. Macho yale yale. Maneno yananikauka, nalia, na yeye akiniona nalia, analia. Huku nyuma angalau naweza kusema."

Nilikuwa nimekuja na maneno gunia zima. Nikakaa kizingitini, nikalitua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nilikuwa nikijiambia kila siku, nikadhani msiba ule ni wangu peke yangu. Na nikisema kweli, macho yale yale ndiyo niliyotaka kwenda nayo kwangu.

"Basi lia," nikamwambia. "Ila lia huku unasema naye. Machozi ya baba hayamuumizi mtoto."

Akazunguka, akakaa. Sauti ikaanza kwa kukwaruza. "Hii pua. Pua ni yangu, pole sana. Haya macho ni ya mama. Mama alipenda kucheka, hata bila sababu..." Machozi yakamchuruzika hadi kidevuni. Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka, nikajua sasa analia. Akaghairi. Akamkazia macho babake, kisha akamtia vidole viwili mdomoni, akavishikilia humo humo wakati baba anaendelea kusema. Na mimi nikalia, nani angenizuia?

Siku ya kliniki nilimpakata mimi. Kwangu nilikuwa nimeshatandika kitanda kidogo, shuka mpya. Muuguzi akamchekea mtoto, akampigia makofi, akamwita. Kimya. Moyo wangu ukagawanyika: nusu inaomba aseme, nusu inaomba anyamaze hivyo hivyo. Mungu anisamehe.

Mkwe wangu akaja akachuchumaa mbele yetu, jasho linamtoka. "Haya mwanangu, mweleze bibi habari za mpira."

"Ba," akasema mtoto. Kisha "ba-ba-ba-ba," bila kituo, mate yanaruka, mikono yote miwili ameinyoosha kwake, na miguu inanisukuma tumboni ili ashuke.

Nikalegeza mikono, nikampa baba mwanawe.