Daktari Niliyemwombea Dua

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ya vitambulisho, Garissa. Asubuhi moja nilikuwa nikimsimulia mwenzangu Abdi mwisho wa tamthilia ya televisheni.

"Daktari alikufa jana, na mimi naona alistahili," nilisema kwa sauti. "Hata mkewe hakulia."

Mzee mmoja wa Balambala, aliyekuwa akingoja kitambulisho, alisimama.

"Inna lillahi," alisema, akaanza dua. Foleni nzima iliinua mikono. Nilidhani mzee amefiwa, nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alipomaliza alinigeukia, akaniuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Daktari wetu amezikwa wabi? Ndiye alimtibu mke wangu."

Abdi aliinamia meza akicheka.

"Adeer," nilisema, nikimwita ami kwa Kisomali, "huyo ni wa televisheni."

Kabla mzee hajanijibu, mkuu wangu alitoka ofisini, kofia mkononi, akauliza mazishi ni saa ngapi.