Motokaa, Mkokoteni Wangu na Mtani Wangu Maganga

Jamani, leo kazi nimefanya mimi, vigelegele kapigiwa Maganga.

Yule Mjerumani mwenye shamba la kahawa huko juu Uluguru kaletewa motokaa ya mashindano kwa treni. Nyekundu, tumbo linakaribia kugusa chini. Kwa mawe ya njia ile, isingefika hata nusu.

Juzi kaniita mimi, seremala. Nikachukua mkokoteni wangu wa kubebea mbao, nikaushusha, nikautanua, nikachonga na vishimo vya kushika magurudumu.

Leo asubuhi motokaa ikapandishwa. Ikatulia kama yai kwenye kiota.

Sasa alitakiwa mtu mmoja akae ndani ashike breki, wengine tuvute kamba.

Nikasema ngoja ninawe mikono kwanza, ndipo nipande.

Kugeuka, Maganga yumo ndani. Mnyamwezi, mpagazi, hajawahi kugongelea hata msumari.

"Mtani," kaniambia, "nyie Waluguru mmezaliwa na milima. Vuta."

Watu wakaangua kicheko. Na mtani hakasirikiwi, mnajua wenyewe. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Nikavuta.

Mji mzima umejipanga njiani, Maganga anapunga mkono kama gavana. Wala hatikisiki, maana ule mkokoteni niliutengeneza vizuri mno.

Nimerudi nyumbani mabega yamechubuka. Mke wangu ananiuliza:

"Ulikuwa wapi siku nzima? Umekosa kumwona Maganga na mkokoteni wake."

Mkokoteni wake.

Nyie mngemjibu nini?