Lugha ya Watu Wawili

Adalbert Numbi alikuwa karani wa stesheni ya mizigo, Élisabethville, na kwa miaka sita alikuwa akitunga lugha. Aliipa jina Umo. Pale stesheni walifanya kazi watu wa Kasai, wa Lukafu, Wabemba, hata Wanyarwanda. Kiswahili walikijua, lakini ndicho kilichotumika kuwaamrisha na kuwatukana kila asubuhi. Adalbert alitaka lugha ya watu wote ambayo hakuna mtu aliyewahi kutukanwa kwayo.

Herufi zake zilikuwa ishirini na mbili, zote za mistari iliyonyooka, ili asiye na kalamu aweze kuzikwaruza kwa msumari juu ya bati. Alizijaribu kwa mkewe, Laurentine Mwaba, ambaye hakuwahi kuingia shule. Jumapili baada ya misa walikaa uani, mke akitwanga sombe, majani ya muhogo, mume akiandika katika daftari.

"Hii neno ya maji iko murefu sana," Laurentine alimwambia siku moja. "Muntu mwenye kiu atakufa mbele ya kumaliza kuisema."

Wakaifupisha. Mwaka haukuisha kabla Laurentine hajaanza kusoma Umo haraka kuliko mwenyewe aliyeitunga. Maneno ya homa, ya uchungu wa kuzaa, ya mtoto anayekataa ziwa, yote aliyatunga yeye. Mumewe alimwita *selu*, neno lao la mtu unayetembea naye.

Mwaka 1951 Adalbert aliomba kadi ya "mstaarabu", ambayo Wabelgiji waliwapa Waafrika walioonekana kuishi Kizungu. Aliamini ingempa cheo cha karani mkuu, na binti yake Annie shule nzuri. Wakaja nyumbani kumkagua: afisa mmoja Mbelgiji, pamoja na Alexis Kabwe, jirani aliyekwisha kupata kadi yake. Wakatazama uma, vitanda, choo. Afisa akavuta droo ya kabati, akatoa daftari.

"Hii ni nini? Maandishi ya Kitawala?"

Dini hiyo ilikuwa imepigwa marufuku. Watu walihamishwa mbali na makwao kwa ajili yake. Kabwe akacheka kwa wasiwasi. "Eh, Adalbert! Kuku ilitembea humu na miguu ya wino?"

Adalbert naye akacheka. "Ni ya bibi yangu, bwana. Anachora-chora tu maua ya kushona. Hajue kusoma, ni muntu wa kijijini."

Afisa akamgeukia Laurentine, aliyesimama mlangoni na sinia ya vikombe. "Ni kweli, mama?"

Laurentine akamtazama mumewe.

"Ni kweli, bwana. Sijue kusoma."

Akaweka sinia mezani bila kumwaga hata tone.

Kadi ilifika baada ya miezi mitatu. Jioni hiyo Adalbert alikwenda kwa Kabwe ili aseme ukweli kuhusu daftari, akafika hadi mlangoni. Kabwe akamkumbatia. "Karibu, mwenzetu!" Akamfungulia bia. Adalbert akainywa yote. Njiani kurudi alivionea haya hata viatu vyake vilivyong'aa.

Alimkuta Laurentine akipakua bukari, ugali wa jioni. Akachuchumaa kando yake, akamwambia kwa Umo, polepole, kwamba alikuwa mwoga.

Mkewe hakuinua kichwa, akamwita kama walivyoitwa Wazungu wa ofisini. "Musye, chakula iko tayari."

Akarudia kwa Umo.

"Sisikie, Musye. Sema Kiswahili."

Kwa Kiswahili hakuweza. Akanawa mikono, akala.