Majani ya Mtani

Siwema alikuwa jirani yangu pale Ilala, miaka ile ya foleni za sukari. Alipopewa talaka hakurudi kwao Liwale. Alinunua mbuzi majike watatu, akawafuga uani, na maziwa yao ndiyo yaliyomlipia chumba. Bila wale mbuzi, mji ungemshinda.

Majani aliletewa na Gaudens, mfagiaji wa shimoni, kule chini ya soko la Kariakoo. Gaudens Mngoni, Siwema Mngindo: watani. Kila asubuhi alifika na gunia la majani ya kabichi, akamtukana Siwema, akatukanwa, akanywa uji wa maziwa, akaondoka. Mtaa mzima tulikuwa tunawasubiri tucheke.

Masika yakaingia. Banda likawa tope, mbuzi wakabanana kwenye kona iliyobaki kavu. Na majani nayo yakabadilika. Yalitoka guniani yameshikana, yana udongo na harufu kali.

"Gaudens, haya yameoza," Siwema alimwambia.

"Mngindo naye anachagua chakula? Wape, watakula."

Tukacheka. Siwema akawapa.

Wiki chache baadaye mbuzi mkubwa, mwenye mimba, akaanza kuzunguka. Kichwa kimelala upande, sikio moja limelegea, mate yanamtoka, anazunguka upande uleule mpaka anaanguka. Watu wakasema karogwa. Bwana mifugo alipokuja alimtazama mbuzi kidogo, kisha akaenda kunusa gunia. Alisema kuna vijidudu vinavyokaa kwenye udongo na majani yaliyovunda. Mbuzi akivila, vinaweza kupanda hadi kwenye ubongo, na banda bichi lenye msongamano huzidisha balaa. Akakataza maziwa yasiuzwe. Sindano zilimwokoa mbuzi mdogo peke yake.

Gaudens akaja msibani, kama mtani anavyotakiwa. Alijifunga khanga, akagaragara uani akiwalilia "mashemeji" zake wawili. Siwema alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Siku chache baadaye Siwema alikwenda mwenyewe shimoni kutafuta majani. Akamkuta Gaudens anamfungia mama mmoja wa Msimbazi majani mabichi, bado yana umande.

"Huyu ni mteja wangu tangu masika yaanze," Gaudens alisema, bila hata kuona haya. "Wewe nilikuwa nakuletea ya chini ya lundo. Si utani tu? Mtani hanuniwi."

Siwema akageuka, akarudi nyumbani.

Kesho yake Gaudens alifika na gunia la majani mazuri kabisa. Akapaza sauti mlangoni, "Wewe mtumwa wangu, bado umelala?"

Sisi tulikwisha toka vibarazani, tayari kucheka. Siwema akatoka, akasimama mbele yake ametulia.

"Karibu, Bwana Gaudens," alisema kwa adabu. "Samahani, leo sikupika uji."

Gaudens akatua gunia, akasubiri tusi. Alisubiri sana.