Mikono ya Dishon Kinyozi

Dishon alikuwa na pumu tangu utotoni na wembe tangu ujana, na viwili hivyo viliishi kwa amani hapo Karungu mpaka alipoanza kumeza tembe za salbutamol kila siku. Kifua kilifunguka vizuri. Ila mikono ilianza kutetemeka, na hakuna mteja anayependa kinyozi wa namna hiyo karibu na shingo yake. Vijana wakaanza kumwambia wanafuga nywele.

Kanisani mambo yakawa kinyume. Alipoinua mikono kuomba, waumini waliona inavyotikisika, wakashangilia. Pasta Maxwell akatangaza kwamba Roho amemshukia kinyozi, akamhamishia kiti cha mbele. Lakini ndevu zake mwenyewe, mtumishi huyo akaanza kuzipeleka kwa kinyozi wa kule mjini Muhuru.

Dishon akabaki mtakatifu mwenye njaa. Mwishowe akamwendea Asmaa, mfamasia wa pale sokoni, akamweleza yote. Asmaa alicheka mpaka mtandio ukamteleza.

"Ndugu yangu, hiyo ni dawa tu. Salbutamol inafungua kifua haraka, lakini inatetemesha mikono. Kuna theophylline, hiyo haitetemeshi sana, ila inaweza kukuchafua tumbo na kukunyima usingizi. Na usijiongezee hata moja, moyo utakuenda mbio. Twende zahanati wakupimie kiasi chako."

Akafunga duka mchana kweupe, akampeleka mwenyewe. Daktari alimbadilishia tembe, akamwambia pampu ya kuvuta ingekuwa bora kuliko zote mbili, na wangemwita ikifika. Siku za kwanza Dishon alichukia hata harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Kisha tumbo likazoea, pumzi ikakaa, na mikono ikatulia kama ya mwizi mzoefu. Alimnyoa jirani yake bila kumchuna, akatoka nje kujifuta macho.

Habari zikamfikia pasta, ambaye ndevu zake zilikuwa zimerudi kutoka Muhuru zimepinda upande mmoja. Akaja kunyolewa, akaketi, akaitazama ile mikono.

"Ndugu Dishon, Roho amekuacha?"

"Ametoka mikononi, pasta. Sasa yuko kifuani. Inua kidevu."

Akampaka povu, huku akimweleza kwamba Jumapili atasimama kutoa ushuhuda, amshukuru Mungu kwa ajili ya Asmaa, kwa jina, mbele ya wote. Pasta alikuwa na la kusema kuhusu Mwislamu kushukuriwa madhabahuni. Lakini wembe ulikuwa umeshafika kooni.

"Amina," akasema, bila kusogeza midomo.