Ndege Waliporuka Bila Mlio

Shamba letu la mpunga liko nje kidogo ya Mchombe, na nyuma yake, chini ya milima, kuna uwanja ambako wanajeshi hujaribia silaha. Wageni hutuonea huruma. Hawajui kwamba sisi tunaoshinda juu ya dungu tukiamia ndege tunaziombea siku za majaribio. Bomu moja likilia, kweleakwelea wote wanahamia kwa jirani, nasi tunapumzisha makombeo.

Asubuhi ile ndege waliruka wote kwa mpigo. Mama akaweka kombeo chini, akaziba masikio kusubiri mlio. Haukuja. Tukatazama juu. Kitu cheupe cha mviringo, hakina bawa wala sauti, kilikuwa kimesimama juu ya uwanja ule. Kisha hakikuwepo. Siwezi kusema kiliondoka, maana sikukiona kikienda.

Mama alishuka dunguni. "Sirudi huku mpaka mtu aniambie kile ni cha nani."

Mpunga ulikuwa umeshainamisha vichwa, chakula chetu cha mwaka mzima. Ndege walirudi baada ya muda mfupi tu, mama hakurudi. Nikabaki peke yangu: nikifukuza upande huu, upande ule wanakula. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia ni puto. Mchungaji akasema tuombe. Nilichoshwa na majibu ya watu ambao hawakuwepo.

Nikapanda bodaboda hadi kwenye geti la kambi ya wanajeshi hao. Askari wa zamu alikuwa mtu mzima, nikamwamkia.

"Marahaba. Una shida gani?"

"Mambo yenu siyataki, baba. Niambie tu kile kitu cha juzi ni chenu, mama yangu arudi shambani."

Akageuka kutazama nyuma, akashusha sauti. "Kwani na nyie mlikiona?"

Kisha akakaza uso. "Rudi nyumbani, binti. Hapa hakuna kitu."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Nilifuata neno moja dogo, hata la uongo, nalo nimenyimwa!

Mama alikuwa ananisubiri mlangoni. "Wamesemaje?"

"Ni chao," nikasema. "Wanakijaribu."

Akashusha pumzi, akachukua kombeo lake, akatangulia shambani. Mchana kutwa alifukuza ndege huku akiimba. Mimi nilikaa naye juu ya dungu, na kila ndege waliporuka nilitega sikio, nikiomba nisikie bomu.