Ukuta wa Ami

Kila nikinusa chokaa mbichi, mkono wangu wa kulia hufa ganzi.

Ami yangu, ndugu yake baba, alisomesha fizikia. Miaka mingi aliandika hesabu zake kwa mkaa kwenye ukuta wa chumba chake, katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe.

"Nyota na punje ya mchele, vyote vina kanuni moja tu, mwanangu," akiniambia. "Nnaikaribia."

Kila Idi ikikaribia, mama alinipa ndoo na brashi nipake nyumba chokaa. Chumba cha ami tukikiruka. Mwaka ule sikukiruka. Nilitaka naye aamkie ukuta safi siku ya sikukuu.

Aliporudi msikitini alisimama mlangoni, akavitazama vidole vyangu vyeupe.

"Umepaka vizuri," alisema.

Hakushika tena mkaa mpaka tunamzika.

Leo fundi alikuwa anaukwangua ukuta ule, umeliwa na chumvi. "Bi mkubwa, huku kuna maandishi!"

Nilikimbia. Mstari wa mwisho ulikuwa mzima mpaka kwenye alama ya 'sawa na'. Mbele yake peupe. Sijui kama ni yeye aliyekuwa bado hajaandika, au ni brashi yangu.